Jiwe la Una

Hebu tulia kidogo, ufumbe macho, utazame ninachokuonyesha.

Ona mwamba mweusi unaotoka baharini, mrefu kuliko nyumba. Chini yake, mahali ambapo mawimbi yanafika lakini hayapandi, pana kibaraza cha jiwe, kipana kama meza ya kulia chakula. Ni asubuhi ya mwezi wa sita. Jua limewaka, ndege wanapiga kelele, sili wawili wamejilaza majini kwenye mwani kama wazee waliokwisha kunywa chai. Na juu ya kibaraza kile limekaa jiwe jekundu, kubwa kiasi cha mkate mdogo. Liko peke yake. Upande mmoja limeota ukoga wa kijivu. Kisiwa kizima ni mwamba mweusi, kwa hiyo jiwe hilo si la hapo. Kuna mtu alilibeba akaja nalo.

Umeliona? Vizuri. Usiliguse. Litazame tu, na tutalirudia.

Kisiwa hicho kinaitwa Brunasay. Siku hizi hakuna anayeishi pale ila kondoo wetu na ndege. Sisi wa ng'ambo yake, wa kijiji cha Tolvaig, tunakiona kila tukifungua mlango, na siku ya anga safi unaweza kuhesabu kuta za nyumba zilizobomoka. Gati ya kufungia boti haipo. Boti inagusa kile kibaraza, mtu anaruka, boti inarudi nyuma kabla wimbi halijaipiga mwambani. Kwa sababu hiyo tuna desturi, na haikuanza jana. Kila anayekwenda Brunasay anaokota jiwe jekundu kwenye ufuko wa kwetu, analitia mfukoni, akifika analiweka kibarazani. Wakati wa kuondoka analichukua mwenyewe na kulitupa baharini. Mwenye boti akija anatazama kutoka mbali. Akiona jiwe, kuna mtu wa kumchukua. Asipoliona, hahatarishi chombo chake, anageuza anakwenda zake.

Na jiwe la mwenzio hulishiki. Hilo hata watoto niliowafundisha darasa la kwanza walilijua kabla hawajajua kufunga kamba za viatu.

Raonaid alilijua pia. Alikuwa mpishi wa shule yetu, mama mnene mwenye mashavu mekundu, na watoto walimpenda kwa sababu alipiga mluzi akimenya viazi. Ungeweza kujua chakula cha mchana kwa wimbo wake: samaki alikuwa na wimbo wake, supu ya nyama ilikuwa na wake. Siku alipotimiza miaka hamsini aliomba ruhusa, akafunga pudingi ya zabibu, ile inayochemshwa ndani ya kitambaa kama tunavyofanya siku za kuzaliwa, akaenda gatini na kikapu chake na koti lake jipya la mvua, la njano.

Murdo alikuwa kwenye boti yake akimwaga maji kwa kopo. Alikuwa binamu wa marehemu mama yake Raonaid, mtu wa maneno mengi na meno machache.

"Umechukua jiwe?" akamuuliza.

"Nimechukua, Mjomba." Raonaid akapiga mfuko wake.

"Nionyeshe."

"Mimi si mtoto wa shule."

"Leo ndiyo hasa. Mtu akitimiza hamsini anaanza tena moja. Nionyeshe."

Akalitoa. Murdo akalitazama, akatikisa kichwa kuridhika. Kisha akatupia jicho kikapu.

"Wanawake wenzio wakifika umri huo wanakwenda Glasgow kununua viatu. Wewe unakwenda kutazama mavi ya kondoo."

"Viatu ninavyo. Na kipande chako cha pudingi kiko jikoni kwangu, kwa hiyo hakikisha umenirudisha."

"Sasa ndipo umesema neno."

Simu ikalia kabla hajapanda. Alikuwa mwanawe wa pekee, Ruaraidh, anayefanya kazi Aberdeen.

"Heri ya kuzaliwa, Mama. Mbona upepo mkali hivyo?"

"Niko gatini. Nakwenda Brunasay."

"Na nani?"

"Na pudingi."

Ruaraidh akacheka. "Sikiliza. Jioni saa moja nitapiga simu ya nyumbani. Uwe umeshafika, uwe umekaa. Kuna jambo mimi na Morven tunataka kukuambia."

"Niambie sasa."

"Hapana, Mama. Tukuambie pamoja. Saa moja."

Akakata. Raonaid akabaki ameishika simu kifuani, akiitabasamia bahari. Morven alikuwa mkewe Ruaraidh, na kwa miaka mingi walikuwa wakitafuta mtoto bila kupata. Mama yeyote angebahatisha.

Lakini Raonaid naye alikuwa na lake ambalo hakumwambia Murdo. Safari ile haikuwa ya pudingi.

Lile jiwe la kibarazani lilikuwa la Una, dada yake bibi. Zamani, kabla Raonaid hajazaliwa, wasichana wawili, Marsaili na Una, walikwenda na watu wa kijiji kunyoa kondoo. Kazi ilipokwisha Una akarudi juu kwenye magofu kufuata mkasi wa kunyolea aliousahau. Wengine wakaingia botini. Hapo mkubwa wa safari hufanya jambo moja kila mara: huita kuelekea juu, mara tatu, "Nani bado yuko nchi kavu?" Siku ile aliita, na Una akaitika. "Nakuja." Wakasubiri. Akaita tena. "Nakuja." Sauti ilikuwa palepale, haijasogea. Mara ya tatu, "Nakuja," palepale. Mawimbi yakapanda, ikabidi waondoke. Kesho yake walirudi wakatafuta kisiwa kizima. Walikuta jiwe lake tu.

Marsaili ndiye bibi aliyemlea Raonaid. Maisha yake yote bibi huyo alikaa kwenye kiti kilicholipa dirisha mgongo, dirisha linalotazama Brunasay. Raonaid alidhani ni majonzi. Bibi alipofariki na kuzikwa kilimani karibu na kanisa, Raonaid aliacha moto wa chumba kile uzimike, akanunua hita ya umeme, na wazo likaanza kumsumbua. Atalileta jiwe la Una. Ataliweka kichwani pa kaburi, dada wawili walale pamoja. Aliichagua siku yake ya kuzaliwa ili asipate kisingizio cha kuahirisha.

Lilikuwa wazo la mtu mwenye moyo mwema. Ndiyo sababu linaniuma kulisimulia.

Wakavuka bahari salama. Murdo akagusa mwamba, Raonaid akaruka, kikapu kikafuata.

"Nitarudi saa tisa," Murdo akasema. "Baada ya hapo upepo unageuka, sitaweza kukaribia. Nikiona jiwe lako, nakuja. Nisipoliona, nitajua umeogelea."

"Nenda, Mjomba. Unanipigia kelele kwenye sikukuu yangu."

Boti ikazunguka ncha ya mwamba ikapotea. Raonaid akaweka jiwe lake karibu na lile la Una, mekundu mawili kwenye meza nyeusi. Akatoa mshumaa mmoja wa buluu wa keki, akauwasha, akadondosha nta juu ya jiwe lake, akausimamisha hapo. Akajiimbia kwa sauti ndogo, akiona haya mbele ya sili. Akaupuliza. Mshumaa akautia mfukoni. Nta ikabaki jiweni, tone la buluu kama jicho la samaki.

Kisha akainama akalichukua jiwe la Una kwa mikono miwili.

Lilikuwa na joto. Akajiambia ni jua.

"Una," akasema, kwa upole kama anavyosema na mtoto aliyegoma kula. "Twende nyumbani sasa."

Huko juu, kwenye magofu, kitu kikaitika.

"Nakuja."

Raonaid akasimama na jiwe kifuani. Akasikiliza. Upepo. Ndege. Mwanakondoo akalia mahali fulani, na Raonaid akacheka, akaona jinsi mtu anavyoweza kujitisha mwenyewe mchana kweupe. Akaliweka jiwe kikapuni, akalifunika kwa kitambaa cha pudingi, akaanza kupanda njia.

Njia ilikuwa fupi. Alifika juu hata jasho halijamtoka vizuri. Alivua koti, akalitundika kwenye ukuta wa nyumba ya kwanza, na kuingia nyumba ya tatu, ile ya ukoo wao. Paa halikuwapo. Majani yalikuwa yamejaa sakafuni. Akaketi kwenye jiwe la mlangoni, akakata pudingi vipande viwili. Kimoja akala. Cha pili akakiweka kwenye ukingo wa dirisha, kwa ajili ya Una, kwa kuwa ilikuwa sikukuu.

Kondoo walikuwa wakila kilimani. Aliwatazama muda mrefu kabla hajagundua kilichomsumbua. Wote walikuwa wamegeukia upande mmoja. Wote walitazama nyumba. Lakini hawakumtazama yeye. Walitazama nyuma yake, kwenye meko.

Akageuka. Meko yalikuwa tupu, mawe yameangukiana, nyasi zimeota katikati. Akaenda akaweka kiganja juu yake.

Yalikuwa ya moto.

Akarudi nyuma. Hakukimbia, kwa sababu kukimbia kungekuwa kukubali. Akafuata kikapu chake. Kitambaa kilikuwa kimelowa. Akakifunua. Jiwe halikuwamo. Mlikuwa na maji tu, maji ya bahari, yakichuruzika taratibu kwenye matundu ya kikapu. Akatazama dirishani. Kipande cha pudingi kilikuwa kimeumwa mara moja, vizuri, kwa meno madogo.

Hapo akatoka.

Koti halikuwapo ukutani.

Na jua, ambalo aliliacha mashariki muda mfupi tu uliopita, lilikuwa limeshavuka kwenda upande wa pili wa anga. Kivuli chake kilikuwa kimegeukia upande mwingine. Alikuwa ameketi kula kipande kimoja cha pudingi, na saa tisa ilikuwa imefika.

Akasikia mluzi.

Ulikuwa wimbo wa samaki. Wimbo wake mwenyewe, wa jikoni. Aliyeupiga alikuwa akijifunza: anapiga kidogo, anakosea, anarudia. Raonaid akatazama chini kwenye njia, akaona koti la njano likishuka kuelekea kibarazani. Kofia ilikuwa imefunika kichwa. Mwendo ulikuwa wa mtu asiye na haraka, mtu aliyeitwa na anakwenda.

"Wewe!" Raonaid akaita. "Dada, samahani! Hilo koti ni langu!"

Koti halikugeuka.

Boti ya Murdo ikatokeza kwenye ncha ya mwamba. Raonaid akashika njia mbio.

Nisikilize vizuri hapa, kwa maana hapa ndipo panapowashinda wengi kuelewa. Alikimbia. Miguu yake iligusa ardhi, mawe yaliteleza chini ya viatu, pumzi ilimkata. Alikimbia njia ileile fupi aliyoipanda asubuhi. Ukuta wa nyumba ya kwanza ulikuwa kuliani kwake. Akakimbia. Ukuta ukawa kuliani kwake. Akakimbia akilia, na ukuta ulikuwa kuliani kwake, na lile shimo dogo ukutani mlimoota ua jeupe lilikuwa palepale kwenye kiwiko chake.

"Mjomba!"

Murdo alikuwa amesimama nyuma ya usukani akitazama kibaraza. Mwenye koti alikuwa amefika. Akainama. Akaokota jiwe jekundu lenye tone la buluu. Akalitupa baharini.

"Mjomba Murdo! Nakuja! Niko hapa! Nakuja!"

Murdo aliinua uso. Raonaid alimwona waziwazi, ndevu zake, kofia yake ya sufu yenye tundu. Murdo alitazama juu kilimani, moja kwa moja mahali aliposimama, kwa muda wa pumzi moja. Kisha akatazama kibaraza. Kilikuwa kitupu. Abiria wake alikuwa ameshaketi.

Akageuza boti.

Kila mtu anayeondoka Brunasay hugeuka kutazama nyuma. Hata wanaume wanaokwenda kwa kazi tu, hata wanaokichukia, hugeuka mara moja. Mwenye koti la njano alikaa amekipa kisiwa mgongo mpaka boti ikawa doa. Hakugeuka.

Raonaid akakaa chini kwenye majani. Alitoa simu. Mtandao haujawahi kufika pale. Akajiambia asiogope. Murdo ni mzee, macho yake yamechoka, atamshusha yule gatini na kumwona si yeye. Watarudi. Kijiji hakimwachi mtu. Watawasha boti zote.

Mwezi wa sita kwetu giza haliji. Jioni inakaa tu, nyeupe, saa baada ya saa, kama maziwa ndani ya kioo. Raonaid alikaa akitazama ng'ambo. Aliona nyumba za Tolvaig, vidoa vyeupe kwenye ufuko. Aliijua yake, ya pembeni kabisa, karibu na kanisa. Alingoja kuona boti zikitoka.

Hakuna boti iliyotoka.

Kilichotoka ni moshi. Mwembamba, wa buluu, ulionyooka, ukipanda kutoka kwenye bomba la nyumba yake mwenyewe. Bomba ambalo halijatoa moshi tangu bibi afariki. Mtu alikuwa ameutoa ule mboji mkavu, udongo wa bwawani tunaouchoma badala ya kuni, uliobaki ghalani, ameupanga kwa namna ya zamani, akauwasha. Mtu alikuwa amekaa akiota moto.

Akatazama saa ya mkononi. Ilikuwa imesimama, lakini hakuihitaji. Alijua. Mle ndani simu ilikuwa inalia juu ya meza ndogo, na Ruaraidh alikuwa anangoja kwa shauku upande wa pili, na Morven kando yake.

Moshi ukayumba kidogo, kama mtu amepita karibu na meko kwenda kupokea.

"Usipokee," Raonaid akanong'ona. "Tafadhali. Usipokee."

Akawa amejua sasa kwa nini hakuna anayekuja. Watu hutafuta aliyepotea. Raonaid alikuwa amerudi nyumbani.

Mwezi wa saba wanaume wetu walikwenda kunyoa kondoo. Walikuwa sita na Murdo. Raonaid aliiona boti ikija, akaanza kushuka. Alishuka mchana kutwa. Aliwasikia wakitaniana, akasikia Murdo akimwambia kijana wa Seumas kwamba ananyoa kondoo kama mtu anayemvua mama mkwe viatu. Aliwaita mmoja mmoja kwa jina, na jina la baba, na jina la babu, kama tunavyoitana. Ukuta ulikuwa kuliani kwake. Ua jeupe lilikuwa limekauka.

Kazi ikaisha. Wakachukua mawe yao, wakatupa, wakapanda. Murdo akabaki mguu mmoja kwenye kibaraza, akaweka mikono mdomoni.

"Nani bado yuko nchi kavu?"

"Nakuja!" Raonaid akapiga kelele, akakimbia.

Botini watu wakageuka kutazama juu.

"Nani bado yuko nchi kavu?"

"Nakuja!"

"Upepo," mmoja akasema.

"Upepo gani?" Murdo akauliza taratibu. Bahari ilikuwa kioo.

"Inafanana na sauti ya mpishi."

"Mpishi nimemwona leo asubuhi akianika mashuka."

"Hata mimi. Alinipungia mkono."

Murdo akatazama juu kilimani. Alikuwa anakumbuka jambo, na baadaye aliniambia, jikoni kwangu. Asubuhi ile ya sikukuu yake, wakienda, Raonaid alizungumza mpaka kichwa kikamuuma. Wakati wa kurudi alikaa mbele amejifunika kofia, koti likichuruzika maji, ingawa hapakuwa na mvua wala wimbi. Alisema neno moja tu, walipokaribia gati na nyumba zikaanza kuonekana. Aliuliza, "Yangu ni ipi?" Murdo alicheka, akadhani ni utani wa mtu wa miaka hamsini. Akamwonyesha kwa kidole.

"Ita mara ya tatu, tuondoke," watu wakamwambia.

Akaita, kwa sauti ndogo. Na sauti ikaitika, palepale ilipokuwa, haijasogea hata hatua.

"Nakuja."

Murdo akainamisha kichwa. Lile jiwe la Una, lililokaa pale miaka yote, halikuwapo. Ndipo akaona, karibu na buti lake, jiwe jekundu. Walikuwa wametupa yote. Alikuwa ameyaona yakizama. Lakini jiwe lile lilikuwa pale, kavu, na juu yake palikuwa na tone la nta ya buluu. Akaligusa tone kwa ncha ya kidole.

Lilikuwa bado laini.

Unaweza kuuliza kwa nini hakulichukua. Nilimuuliza hivyohivyo. Akaniambia, "Mwalimu, yule aliyelichukua la Una alikuwa na moyo mzuri kuliko wangu. Umeona kilichompata. Nikilichukua hili, nani atabaki?" Nikamwongezea chai. Tangu siku ile hajapeleka mtu Brunasay.

Mpishi wetu bado yuko. Ni mtu mpole. Chakula chake ni kizuri, pengine ni kizuri kuliko zamani, ingawa watoto husema kina chumvi. Hapigi mluzi. Ruaraidh na Morven walipata mtoto wa kike majira ya baridi, na bibi yake ndiye aliyempa jina. Wanamwita Una. Nyumbani kwake moto hauzimiki kiangazi na masika, na ukipita barabarani utamwona ameketi kwenye kiti cha marehemu Marsaili, amelipa dirisha mgongo.

Kila mwezi wa sita wavuvi wanaopita karibu na mwamba huniletea habari. Jiwe liko. Matone ya buluu yameongezeka, kila mwaka moja. Yule mama alikwenda na mshumaa mmoja tu, mdogo, wa keki. Na hakuna aliyewahi kulikuta tone jipya limeganda.

Sasa fumbua macho. Nina ombi moja, na si gumu. Siku nyingine ukipita upande ule, uone jiwe jekundu kwenye kibaraza cheusi, mkumbuke. Kumbuka kwamba jina lake ni Raonaid, na kwamba alikuwa na wimbo wa samaki na wimbo wa supu. Mkumbuke kimoyomoyo, kwa upendo wote ulio nao.

Ila tafadhali, usimwite.